Fimbo Zilizovunjika Ndizo Zilizonifundisha Kuunda

Wengi wanaoingia kwenye ufundi wa fimbo za kuvulia huanza kwa kununua ufito mpya, pete mpya na nyuzi za rangi tatu. Mimi niliingia kwa mlango wa uani. Nilianza na zilizovunjika, kwa sababu hakuna aliyetaka kuhangaika nazo. Sasa naona ilikuwa bahati. Fimbo mpya haikuambii kitu. Imenyooka, inang'aa, basi. Iliyovunjika inakuonyesha ndani: unene wa ukuta wake, mahali gundi ilipokosekana, na zaidi ya yote mahali ambapo aliyeiunda aliubana ufito usipinde.

Ninaposema ufito nina maana ya ule mrija mtupu ambao haujavikwa kitu. Ukishapata mpini, kikalio cha rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) na pete za kupitishia mshipi, ndipo unakuwa fimbo. Siku hizi mrija huo hutengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi za kaboni au faibaglasi kilicholoweshwa utomvu, kikaviringishwa kwenye nondo ya chuma iliyochongoka, kikabanwa kwa utepe na kuokwa kwenye tanuri, kisha nondo ikachomolewa. Kinachobaki kiko wazi ndani, na ukuta wake ni mwembamba kuliko anavyodhani mtu anayeutazama kwa nje. Ufito ukipinda, upande wa nje wa pindo huvutika, upande wa ndani hubanwa, na mviringo wake huanza kuwa bapa. Nyuzi za juu juu ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kwa hiyo mkwaruzo wa wembe ambao hauuoni bila kuinamisha fimbo kwenye mwanga unatosha kuiua.

Hilo la wembe nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloua fimbo nyingi mikononi mwa mafundi wapya. Unataka kutoa pete iliyooza kutu, unapitisha wembe juu ya uzi wa zamani unaoifunga pete kwenye ufito, unakata mpaka chini. Usikate kamwe juu ya ufito. Kata juu ya mguu wa pete, kile kiulimi cha chuma kinacholala juu ya ufito chini ya uzi, chuma kwa chuma, ili wembe ukizidi nguvu uishie kwenye mguu. Kisha pasha moto kidogo epoksi ya zamani, ile gundi ngumu iliyofunika uzi, mpaka ilegee, ing'oe kwa kucha au kwa kijiti cha plastiki. Kwa moto huo huo kuwa na adabu: joto linalolegeza epoksi ya juu likikaa muda mrefu huanza kulegeza utomvu wa ufito wenyewe.

Kabla ya kushika zana yoyote nachunguza jinsi fimbo ilivyovunjika. Mwenyewe atakuambia samaki alikuwa mkubwa. Mara nyingi samaki hana kosa. Fimbo iliyozidiwa na mzigo kwelikweli huchanika kwa urefu na kuacha nyuzi ndefu zilizotawanyika. Iliyokatika mara moja, kwa mstari mfupi, mara nyingi ilikuwa na jeraha la zamani: chubwi liliugonga ufito wakati wa kurusha, au ilibanwa na mlango wa gari ikaonekana haijaumia. Iliyovunjika karibu kabisa na ncha, hapo mvuvi aliisimamisha wima samaki akiwa amefika miguuni pake, mzigo wote ukaangukia pembamba badala ya kuteremka kiunoni. Na iliyopasuka kwenye kiungio, vipande vyake havikusukumwa mpaka mwisho, au vililegea baada ya kurusha mara nyingi na hakuna aliyevikagua.

Simtafuti wa kumlaumu. Nisipojua sababu, nitaifunga fimbo vizuri, nayo itarudi.

Ncha ndiyo kazi rahisi na ndiyo ya kuanza nayo. Kama kipande kilichopotea ni kifupi, sawazisha palipovunjika na uvike pete mpya ya nchani. Usitumie koleo kukata kaboni, kwa kuwa koleo linaponda mrija kabla ya kuukata. Zungushia tepu ya karatasi, kisha kata kwa msumeno wa meno madogo au kwa tupa nyembamba huku ukiuzungusha ufito polepole. Loanisha mahali unapokata, vaa barakoa: vumbi la kaboni ni nyuzi ndogo zinazowasha ngozi na hazifai kuingia mapafuni. Pete ya nchani igundishwe kwa gundi ya kijiti inayoyeyushwa kwa moto, siyo epoksi. Pete hiyo ndiyo inayoumia kuliko nyingine zote, na siku ikiharibika atakayeibadilisha akute gundi inayokubali kuachia.

Mwambie mwenye fimbo ukweli kabla hujakata: ncha itakuwa ngumu kidogo kuliko ilivyokuwa. Kwa fimbo ya kuvulia samaki wakubwa hatatambua tofauti. Kwa fimbo nyepesi ya kurushia nzi bandia, ambayo uhai wake wote uko kwenye ncha, atatambua siku ya kwanza.

Mvunjiko wa katikati ndio ulionitoa jasho. Njia ninayoiamini ni kuweka kipande cha ufito mwingine ndani, kikapita mahali palipovunjika kwenda pande zote mbili, na kama ukuta ni mwembamba sana kuongeza kingine cha kuvaa kwa nje. Kwa vile ufito umechongoka, kipande cha ndani hakiwezi kuingizwa kwa kupitia palipovunjika kikakaa vyema chini. Lazima kiingie kutokea kwenye upana, chini ya kipande cha fimbo, kisukumwe kwenda juu mpaka kikwame chenyewe kikichungulia pale palipokatika. Kipande cha juu ndipo kikivae. Cha nje ni kinyume chake: hutokea nchani na kuteremka mpaka kikaze, maana yake pete zote zilizo juu ya mvunjiko zitoke kwanza. Kama mvunjiko uko karibu na mpini na chini pamezibwa, itabidi uzibue kitako cha fimbo, na hapo kazi inageuka kuwa kubwa kuliko mwenyewe alivyotarajia. Mwambie hilo kabla hujaanza.

Fimbo ya kwanza niliyoitengeneza kwa njia hii ilikuwa imara ajabu. Nilikuwa nimeweka kipande kinene, kirefu, epoksi ya kutosha, na uzi mzito juu yake. Ilirudi imevunjika, lakini siyo pale pale. Ilikatika mwisho kabisa wa kile kipande changu, kama imepimwa kwa rula. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo tangu siku hiyo linaamua kila ninachofanya: ufito unaishi kwa kupinda, na kila unachouongezea kinaubania. Ugumu ukiishia ghafla, pindo lote linakusanyika kwenye mpaka huo. Tangu hapo vipande vya kuungia nachagua vyembamba, na miisho yake naisugua kwa msasa mpaka inakuwa kama karatasi, ili ugumu ufifie kidogo kidogo na usiwe na ukingo. Nafunga uzi kwenye miisho ya mvunjiko kuzuia mrija usichanike, siyo kuugeuza nguzo.

Ukiwa na wazo hilo kichwani, kuunda fimbo mpya kunakuwa kazi nyingine kabisa. Miguu ya pete, kwa mfano. Pete nyingi hutoka kiwandani miguu yake ikiwa na ukingo butu. Uzi ukifika hapo unaruka, unaacha pengo, na chini ya mguu kunaweza kuwa na kipele cha chuma kinachotafuna ufito kila unapopinda. Nachukua tupa laini, nachonga mguu mpaka uzi upande juu yake bila kujua kwamba umepanda, na sehemu ya chini naisugua hata kidole kisihisi kitu. Ni kazi ya kuchosha na mteja haioni. Usione vyaelea, vimeundwa.

Halafu kuna suala la uti. Kwa kuwa kitambaa kimeviringishwa na mahali fulani kinapandiana, ufito mwingi una upande mmoja unaokataa kupinda zaidi ya pande nyingine; huo ndio uti. Unausimamisha sakafuni ukiwa umeinama, ncha kwenye kiganja, unabonyeza katikati na kuuzungusha. Utauhisi ukiruka na kutulia. Kuna mafundi wanaosema pete zisipofuata uti fimbo itajizungusha mkononi. Mimi siamini. Mshipi ukipita juu ya fimbo yenye pete juu, mzigo wenyewe ndio unaotaka kuigeuza, uti uwe popote. Nachotazama kwanza ni unyoofu: karibu kila ufito una kapindo kadogo, na napendelea kukaelekeza juu au chini, mahali ambapo jicho halikaoni na uzito wa pete unasaidia kukanyoosha. Anayetaka kuondoa kujigeuza kabisa kwenye fimbo ya rili inayokaa juu, azungushe pete taratibu kutoka juu kwenda chini ya ufito. Inaonekana kichekesho, lakini inafanya kazi.

Idadi ya pete ina kanuni ya zamani: moja kwa kila futi ya urefu, kisha uongeze moja. Ni pa kuanzia tu. Jaribio la kweli ni kuzishika pete zote kwa vipande vya mpira mwembamba, kupitisha mshipi, kufunga ncha yake mahali na kuipinda fimbo mpaka ifike pembe mraba. Sasa tazama. Mshipi unatakiwa kufuata mkunjo wa ufito. Ukikata kona kati ya pete mbili, hapo ufito unabeba mzigo peke yake. Sogeza pete au ongeza moja. Ukigusa ufito, vilevile. Pete husogeleana kadiri unavyoelekea nchani, na hakuna jedwali litakalojua ufito wako kuliko jaribio hili. Hapa pia ndipo tamaa inapoingia: kuongeza pete mbili tatu za ziada kwa usalama. Kila pete ni uzito, ni uzi, ni epoksi, na vyote hivyo vinakaa mahali ambapo ufito unataka uwe mwepesi. Fimbo nzuri zilizopita mikononi mwangu hazikuwa na kitu cha ziada.

Kufunga uzi kwenyewe ndiko watu wanakokuogopa, kumbe ndiko kepesi. Uzi mwembamba kwa fimbo nyepesi, mnene kwa nzito. Anza kwenye ufito kabla ya mguu, panda juu, mizunguko ikae bega kwa bega. Mizunguko michache ya mwisho ipitie juu ya kitanzi cha uzi, ingiza ncha ya uzi unaofungia kwenye kitanzi, vuta kitanzi, kata kwa wembe mpya. Kaza kiasi cha kushika tu: pete lazima ikubali kusukumwa kwa kidole ili uipange mstari mmoja na wenzake kabla ya epoksi. Niliwahi kupokea ufito mwembamba uliopasuka chini ya uzi, na uzi wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Kuhusu rangi, jua kwamba nailoni hunywa epoksi na kugiza, na nyeupe hugeuka kioo kabisa, ukaona mguu wa pete chini yake. Kuna dawa ya kutunza rangi inayopakwa kabla. Ama chagua rangi kwa kuloweka kipande kwanza.

Epoksi ndiyo iliyonigharimu usingizi. Sehemu mbili, kiasi sawa kwa sawa, na haina utani: ukikosea kipimo itabaki inanata, leo, wiki ijayo, na mwaka ujao. Pima kwa mabomba mawili ya sindano, moja la utomvu na moja la kigumishi, yaandike majina na yasibadilishane kamwe. Koroga polepole kwa dakika kadhaa ukikwangua kingo za kikombe, kisha mwaga kwenye karatasi ya foili. Ikikaa kwenye kikombe inajipasha moto yenyewe na kukauka haraka. Ikitandazwa inatulia na mapovu yanapanda juu. Kama mahali pako ni pa baridi, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kupima. Usiongeze spiriti ili iwe nyepesi.

Paka tabaka jembamba, acha fimbo izunguke kwa mota ya mwendo wa pole, kama mizunguko kumi hivi kwa dakika, mpaka epoksi isiweze tena kutiririka. Mapovu yanayobaki yapitishie mwali wa kibatari cha spiriti kwa chini, upite tu bila kusimama. Siku inayofuata, tabaka la pili. Anayejaribu kumaliza kwa tabaka moja nene hupata kivimbe katikati ya kila pete, na kivimbe hicho, tukirudi kwenye wazo letu, ni ugumu usio na kazi. Funga dirisha, zima feni, usivae sweta linalomwaga manyoya. Mikono iliyopakwa mafuta au losheni huacha mahali ambapo epoksi hukataa kushika na kuacha visima vidogo.

Vaa glavu tangu siku ya kwanza. Ngozi inaweza kuvumilia epoksi kwa muda mrefu halafu siku moja ikaikataa, na ikishaikataa hairudi; kuna mafundi walioacha kazi hii kwa vipele vya mikono. Glavu ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani.

Kwenye mpini sitakaa sana. Gamba la vizibo, lile la chupa za mvinyo, huja kwa vipande vya mviringo vinavyogundishwa, kubanwa na kukerezwa. Tundu la katikati lipanuliwe kwa kipande cha ufito wa zamani kilichozungushiwa msasa, ili lichongoke sawa na ufito. Gamba liingie kwa kukaza kidogo bila kupigwa. Kikalio cha rili ndicho chenye mtego. Tundu lake huwa pana kuliko ufito, na wengi hujaza nafasi kwa tepu ya karatasi iliyozungushwa kwa mfululizo, kisha epoksi kidogo juu. Maji yakiingia, tepu inaoza na kikalio kinaanza kuzunguka katikati ya mapambano. Kama unatumia tepu, weka pete nyembamba zilizoachana, epoksi ijaze nafasi zote kati yake na kufunika miisho. Na kabla haijashika, chungulia: kikalio na pete viwe mstari mmoja. Baada ya hapo hakuna dua.

Upo uzee wa fimbo unaohitaji hadhari yake. Za kaboni zilianza kuuzwa miaka ya 1970, kampuni ya Fenwick ya Marekani ikiwa mstari wa mbele mwaka 1973. Kabla yake zilitawala za faibaglasi, na kabla ya hizo za mwanzi uliopasuliwa vipande sita na kugundishwa kuwa umbo la pembe sita. Hizi za mwanzi nyingi zilishikwa kwa gundi ya wanyama. Joto na mvuke, ambavyo kwenye kaboni ni msaada, hapo vinaachanisha fimbo nzima. Mzee mmoja aliniletea moja iliyokuwa ya marehemu kaka yake, vanishi imepasuka, nyuzi zimefifia. Nilitaka kuing'arisha. Akasema, "Mwanangu, funga pete iliyotoka, mengine yaache." Nilifunga pete moja. Baadaye nilijifunza kwamba fimbo za aina hiyo hupoteza thamani zikivuliwa vanishi yake ya asili, kwa hiyo mzee alijua kuliko mimi.

Kuhusu fedha niseme wazi: fimbo yako ya kwanza itakugharimu zaidi ya ya kiwandani yenye ubora ule ule. Ufito na pete ndivyo vinavyokula hela, kisha zana, kisha vitu utakavyonunua mara mbili kwa sababu ulichagua vya bei rahisi. Matengenezo nayo yana hesabu yake. Muulize mteja kwanza kama fimbo ina dhamana ya kiwanda, kwa sababu ukishaigusa dhamana inaweza kuisha. Kama kazi itazidi thamani ya fimbo mpya, mwambie, halafu nyamaza aamue mwenyewe. Wengine watalipa hivyo hivyo, na si kazi yangu kuwauliza kwa nini.

Siku ya kumkabidhi, usimpe ikiwa imefungwa kitambaa. Pitisha kijiti cha pamba ndani ya kila pete, hata zile ambazo hukuzigusa; ufa usioonekana kwenye kauri iliyo ndani ya pete utanasa pamba, na ufa huo huo ungekata mshipi wake. Kisha funga mshipi kwenye kitu kizito, mpe fimbo mkononi, aipinde mwenyewe polepole huku nyote mnatazama pale palipoungwa. Kama kuna sauti ya kupasuka, bora iwe hapo mezani. Mwambie pia ndoana ikinasa kwenye mwamba aielekeze fimbo sawa na mshipi, avute kwa mkono na si kwa fimbo, na asipite na fimbo ya kaboni chini ya nyaya za umeme akiwa ameisimamisha, kwa sababu kaboni hupitisha umeme.